Mfupa umeungwa, maumivu je? Historia ya swali lililochelewa kuulizwa

Bibi yangu alianguka alfajiri, uani kwake Maganzo, akienda chooni. Hakuanguka kutoka juu ya mti, wala hakugongwa na bodaboda. Alijikwaa tu kwenye kizingiti, akaangukia ubavu, na hakuweza kuinuka. Mguu wa kushoto ukaonekana mfupi kuliko wa kulia, unyayo umegeukia nje. Majirani wakasema ameteguka. Akaitwa mzee mmoja anayejua kuchua, akaukanda mguu kwa mafuta siku mbili. Bibi, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alilia.

Wiki ya pili akafanyiwa upasuaji kwenye hospitali moja ya kanda yetu. Upasuaji ulikwenda vizuri. Picha ya eksirei niliiona mwenyewe, chuma kimekaa sawasawa. Tukamshukuru Mungu. Siku ya kwanza baada ya upasuaji bibi alikuwa kimya. Siku ya pili, kimya vilevile. Wodini wakasema "huyu mzee hasumbui", nasi tukafurahi. Mama alikuwa anamwinamia na kumwambia, "Mayu, vumilia, yataisha."

Usiku wa tatu akaanza kumwita babu, ambaye alishafariki zamani. Akang'oa mpira wa dripu. Akataka kushuka kitandani, eti mvua imenyesha na mtama haujapandwa. Kwenye ukoo maneno yakaanza, si unajua kwetu tena. Mmoja akasema karogwa, mwingine akasema ni uzee tu umefika.

Mimi nikauliza swali la kawaida kabisa: anapewa dawa gani ya maumivu? Jibu likawa: sindano ya diklofenaki siku ya upasuaji, baada ya hapo panado "akiomba". Bibi hakuomba. Kwa watu wa kizazi chake, kuomba dawa usiku ni kusumbua watu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza. Binadamu ameweza kuunga nyonga iliyovunjika, ameweza hata kuitoa na kuweka ya chuma. Ilikuwaje suala la maumivu ya mzee baada ya upasuaji huo likabaki nyuma namna hii? Nilipoanza kusoma historia yake, nikakuta kwamba dawa nyingi zilikuwepo miaka mingi. Kilichochelewa ni kitu kingine. Twende taratibu.

Kwanza, nyonga yenyewe

Fupa la paja ndilo refu kuliko yote mwilini. Juu kabisa lina kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye fupanyonga, na chini ya kichwa kuna shingo nyembamba. Kwa wazee, hasa wanawake waliokoma hedhi, mfupa hupoteza madini na kuwa kama mhindi uliobunguliwa: kwa nje unauona mzima, kwa ndani ni matundu. Anguko dogo tu, shingo inakatika. Au mfupa unavunjika chini kidogo ya shingo, mahali misuli mikubwa inapojishika.

Maumivu yake yana sababu tatu zinazokwenda pamoja. Mfuko unaozunguka kiungo una mishipa mingi ya fahamu, hasa upande wa mbele. Ngozi ya nje ya mfupa nayo ina hisia kali sana. Na misuli ya paja, ambayo ni mikubwa, inakaza na kuvuta vipande vilivyovunjika, ndiyo maana mguu unaonekana mfupi. Kila ukimgeuza mgonjwa, kila ukimwekea beseni la haja, vipande vinasuguana. Kumchua mtu mwenye hali hiyo ni kumtesa bila kujua.

Enzi za kulala chali

Mwaka 1822, daktari mpasuaji wa London, Astley Cooper, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu mivunjiko na kuteguka kwa viungo. Ndiye aliyetenganisha vizuri mvunjiko uliomo ndani ya mfuko wa kiungo na ule wa nje yake. Wa ndani, alisema, kwa kawaida hauungi, kwa sababu damu inayokwenda kwenye kichwa cha mfupa imekatika. Ushauri wake kwa wazee ulikuwa wa ajabu kwa wakati ule: usimfunge mzee kitandani miezi. Mwekee mto chini ya mguu mpaka maumivu yapungue, kisha mkalishe kwenye kiti, mpe magongo. Alijua kwamba kitanda chenyewe kinaua.

Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja iliyofuata, katika sehemu nyingi za dunia, njia ya kawaida ilibaki kulaza. Mguu unafungwa kamba, kamba inapita kwenye gurudumu, mwishoni unaning'inizwa uzito. Wengi wetu tumewahi kuingia wodi ya mifupa na kuona mifuko ya mchanga au mawe yakining'inia miguuni mwa vitanda. Njia hii inasaidia kutuliza misuli inayokaza, na kwa kijana aliyevunjika paja inaweza kumponya. Kwa mzee wa miaka 80, wiki sita mpaka kumi na mbili za kulala chali maana yake ni vidonda vya mgongoni, nimonia, na damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Wengi hawakurudi nyumbani.

Na maumivu? Dawa yake ilikuwepo. Mfamasia mdogo wa Ujerumani, Friedrich Sertürner, alishaitenga mofini kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa karne ya 19. Kufikia 1853 kulikuwa na bomba la sindano la kuiingiza mwilini. Yaani mofini ya sindano ni ya zamani kuliko taa ya umeme majumbani.

Mwaka 1940, Mwadui na Marekani

Mapinduzi ya kwanza ya kweli yalikuja na msumari. Mwaka 1925 Marius Smith-Petersen, mzaliwa wa Norway aliyekuwa akifanya kazi Boston, alitengeneza msumari wenye mapezi matatu wa kushika kichwa cha mfupa na shingo yake pamoja. Alichapisha matokeo mwaka 1931. Mapezi yalizuia kichwa kisizunguke. Kwa mara ya kwanza mzee aliyevunjika nyonga angeweza kukalishwa mapema.

Mwaka 1940 nauona una mambo mawili. Ndio mwaka ambao John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua miamba ya almasi ya Mwadui, jirani kabisa na Maganzo yetu, na mji mdogo huu ukaja kukua kwa biashara ya mawe hayo. Ndio mwaka huohuo ambao Austin Moore na Harold Bohlman, huko Marekani, waliondoa sehemu ya juu ya fupa la paja la mgonjwa mwenye uvimbe na kuweka ya chuma. Miaka ya 1950 Moore aliboresha chuma chake, kikawa kinatumika kwa wazee waliovunjika shingo ya fupa la paja. Aina hiyo inaendelea kutumika hadi leo katika hospitali nyingi za nchi zetu.

Kwetu, msaada mkubwa ulikuja baadaye. Hospitali ya Bugando ya Mwanza, ambayo watu wa Shinyanga na Geita tunaikimbilia, ilifunguliwa mwaka 1971. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Mwaka 1999 daktari wa Marekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika la SIGN linalotengeneza vyuma vya paja vinavyoweza kuwekwa bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, na vyuma hivyo vimetumika sana Tanzania.

Hapa kuna jambo la kushika. Lengo la vyuma vyote hivi halikuwa tu mfupa uunge. Lengo lilikuwa mzee asimame mapema, asife kitandani. Sasa kama chuma kimekaa vizuri lakini mgonjwa anaumwa kiasi kwamba hathubutu kukaa, chuma kinamsaidia nini? Anarudi kulekule kwenye hatari ambazo Cooper alizijua mwaka 1822. Kwa hiyo kutuliza maumivu ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Nyundo ya Kiel

Upasuaji wenyewe nao ulihitaji namna ya kumfanya mgonjwa asihisi. Nusu kaputi ya etha ilionyeshwa hadharani Boston tarehe 16 Oktoba 1846. Kwa mzee mwenye moyo na mapafu dhaifu, kulazwa usingizi mzito kulikuwa na hatari zake.

Mwezi Agosti 1898, katika mji wa Kiel, Ujerumani, daktari August Bier alidunga kokeini kidogo kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo wa mgonjwa na kumpasua mguu akiwa macho. Siku chache baadaye aliamua kujijaribia yeye mwenyewe na msaidizi wake, Hildebrandt. Kwa Bier sindano haikukaa vizuri na maji ya uti wa mgongo yakavuja. Kwa Hildebrandt ilifanya kazi kamili. Bier akampiga miguu kwa nyundo ya chuma, akamchoma kwa sigara, akamchoma sindano mpaka kwenye mfupa: hakuhisi kitu. Jioni wakala na kunywa mvinyo kusherehekea. Kesho yake Hildebrandt akaamka na miguu yenye majeraha, kichwa kinamuuma na anatapika. Bier naye akapata maumivu ya kichwa yaliyomlaza siku kadhaa.

Siku hizi hatutumii kokeini kwenye mgongo, na sindano zimekuwa nyembamba mno, lakini wazo ni lilelile. Upasuaji mwingi wa nyonga Tanzania unafanyika kwa sindano ya mgongo. Mgonjwa anasikia hata stori za madaktari.

Tatizo ni kwamba ganzi hiyo inadumu saa chache. Mgonjwa anatoka chumba cha upasuaji akitabasamu, ndugu wanapiga simu nyumbani kusema kila kitu salama. Saa nane usiku ganzi imeisha, taa za wodi zimezimwa, nesi ni mmoja kwa wagonjwa wengi. Historia ya maumivu ya nyonga inaanzia hasa saa hiyo.

"Mwafrika havunjiki nyonga"

Kuna sababu nyingine iliyochelewesha swali hili kwetu. Mwaka 1968, daktari Louis Solomon wa Johannesburg alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mivunjiko ya shingo ya fupa la paja kwa Waafrika wa pale ilikuwa michache sana ukilinganisha na Ulaya. Tafiti nyingine za miaka iliyofuata kutoka sehemu mbalimbali za Afrika zilielekea hukohuko. Likajengeka wazo kwamba nyonga ya mzee ni ugonjwa wa Wazungu.

Utafiti ule haukuwa uongo. Lakini takwimu za hospitali zinamhesabu aliyefika hospitali tu. Bibi aliyeanguka kijijini, akachuliwa, akalala ndani ya nyumba yake mpaka akafa kwa "homa ya mapafu", hayumo kwenye daftari lolote. Tena miaka ile waliofika umri wa miaka 80 walikuwa wachache kuliko sasa. Leo wazee wameongezeka. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na hospitalini tunakutana na kibao cha "Mpishe Mzee Kwanza". Ni jambo jema. Ila kumpisha mzee kwenye foleni ni hatua moja, kumuuliza anaumwa kiasi gani saa nane usiku ni nyingine.

Mofini na woga wake

Mofini, kama tulivyoona, ni ya zamani. Kwa nini basi haimfikii mzee wa Maganzo? Karne ya 20 dunia iliingia kwenye vita dhidi ya dawa za kulevya. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa hizo uliweka udhibiti mkali, ingawa utangulizi wake unakiri wazi kwamba matumizi ya kitabibu kwa kutuliza maumivu hayawezi kuachwa. Katika nchi nyingi maskini, sehemu ya udhibiti ilitekelezwa kwa nguvu zote, na sehemu ya tiba ikasahaulika. Kamisheni ya jarida la Lancet ilikokotoa mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini kabisa zinapata tani 0.1 tu. Sifuri nukta moja!

Jirani zetu wa Uganda walionyesha kwamba inawezekana. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha huduma ya Hospice Africa Uganda na kusambaza mofini ya maji ya kunywa: unga wa mofini, maji, kihifadhi, na rangi ya kutofautisha nguvu ya dawa. Bei yake ni ndogo mno. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu kisheria manesi na matabibu waliosomea huduma hiyo kuiandika. Kwetu, mofini ya kunywa ilijulikana zaidi kupitia wagonjwa wa saratani wa Ocean Road, Dar es Salaam. Matokeo yake, hadi leo watu wengi, hata wahudumu wa afya, wakisikia "mofini" wanafikiria mambo mawili: teja, au mgonjwa anayekaribia kufa. Mzee aliyevunjika nyonga si huyo wala si yule, basi anapewa panado.

Kimya si nafuu

Sasa tufike kwenye utafiti ulionifanya nielewe kilichompata bibi. Mwaka 2000, Sean Morrison na Albert Siu wa New York waliwalinganisha wazee wenye nyonga iliyovunjika, wengine wenye akili timamu na wengine wenye ugonjwa mkubwa wa kusahau. Mvunjiko uleule, upasuaji uleule. Waliopoteza kumbukumbu walipewa takriban theluthi moja tu ya mofini waliyopewa wenzao. Na wala hao wenzao hawakupewa ya kutosha. Asiyeweza kusema, hakupewa.

Mwaka 2003 Morrison na wenzake wakatoa matokeo mengine. Siku zote hofu ya madaktari imekuwa kwamba mofini itamchanganya mzee akili. Wakakuta kinyume: waliopata mofini kidogo mno, chini ya miligramu 10 za sindano kwa siku, ndio waliochanganyikiwa zaidi. Kwa wale waliokuwa na akili timamu mwanzoni, maumivu makali yasiyotulizwa yaliongeza hatari ya kuchanganyikiwa karibu mara tisa. Dawa moja iliyoonekana kuongeza tatizo ilikuwa pethidini, ambayo bado iko kwenye makabati ya hospitali nyingi.

Kumbe ule usiku wa tatu, bibi akimwita babu na kutaka kwenda kupanda mtama, inawezekana kabisa ilikuwa ni maumivu yakisema kwa lugha nyingine. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kuna visababishi vingi: maambukizi, upungufu wa maji, mkojo kuzuilika, dawa. Lakini maumivu yamo kwenye orodha, na ndiyo yanayosahaulika kwanza, kwa sababu aliyechanganyikiwa halalamiki kwa mpangilio.

Kuziba njia

Njia ya karibuni zaidi haipiti kwenye ubongo kabisa. Dawa ya ganzi ya lidokeini ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren, na bupivakeini, inayodumu saa nyingi zaidi, ikafuata mwaka 1957. Mwaka 1973 Alon Winnie alieleza jinsi ya kutia ganzi mishipa ya fahamu ya paja kwa sindano moja kwenye kinena. Mwaka 1989 Bernard Dalens wa Ufaransa akaeleza namna ya kumwaga dawa chini ya utando unaofunika msuli wa ndani ya nyonga, ikasambaa yenyewe. Mwaka 2018 kundi la Toronto likaonyesha sindano inayolenga mishipa midogo ya mbele ya kiungo, ili nguvu za paja zisipotee sana.

Mapitio ya tafiti nyingi kwa pamoja yameonyesha kwamba sindano hizi hupunguza maumivu ya kujongea ndani ya nusu saa, na pia hupunguza kuchanganyikiwa. Wenye altrasaundi hufanya kwa uhakika zaidi, lakini ile ya chini ya utando inaweza kufanywa hata bila mashine, na mtaalamu wa usingizi aliyefundishwa. Dawa yake ni ileile ya ganzi ambayo tayari iko hospitalini.

Turudi Maganzo

Ukiondoa majina na miaka, historia hii inatufundisha mambo machache ambayo ndugu yeyote anaweza kwenda nayo wodini.

Dawa itolewe kwa saa, si kwa kusubiri mgonjwa alie. Shirika la Afya Duniani lilisisitiza hilo mwaka 1986 kwa wagonjwa wa saratani, na kwenye nyonga linafaa vilevile. Parasetamoli inayotolewa kwa saa, kwa kipimo cha uzito wake, ni msingi mzuri kuliko ileile ikitolewa "akiomba". Isipotosha, mofini kidogo kidogo, akiangaliwa kupumua na usingizi wake, na akipewa cha kulainisha choo.

Diklofenaki na dawa za aina yake zinaweza kuumiza figo na tumbo la mzee. Tramadoli inaweza kumchanganya. Msizinunue wenyewe duka la dawa na kumpenyezea.

Muulizeni maumivu anapojongea, si akiwa amelala tu. Aliyelala bila kutikisika atasema "sijambo". Kama hawezi kusema, tazameni uso wake anapogeuzwa, mkono unaokamata shuka, chakula anachokataa. Na ulizeni mapema, hata kabla ya upasuaji: je, kuna ganzi ya nyonga? Lengo ni asimame kwa msaada kesho yake, pale daktari anaporuhusu.

Kwa bibi, mtaalamu mmoja wa usingizi alikubali kubadilisha utaratibu. Dawa zikaanza kutolewa kwa saa. Siku ya sita alikaa ukingoni mwa kitanda na kuuliza nani anawafungia kuku. Alitembea tena kwa fimbo mpaka kwa jirani, ingawa shambani hakurudi. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusema kwamba anaumwa, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Mjukuu wangu," akasema, "kila aliyekuja aliniambia nivumilie. Nami nikavumilia."